Picha Ambazo Sikumtumia Keji

Jumapili, 1 Februari

Tumetoka kanisani. Nimemsimamisha Kiden mbele ya ukuta wa mabati. Gauni la njano, viatu vimefutwa vumbi. Picha moja, basi. Nje ya ua sipigi. Huku picha za barabarani zinakatazwa, askari akiona simu imeinuliwa ni shida. Nimemtumia Keji. Miaka minne sasa, kila Jumapili picha moja.

Keji ni dada yangu mkubwa. Kiden ni mtoto wake. Alimwacha kwangu akiwa na miaka miwili, akaenda Nakuru kufanya kazi ya jikoni hotelini. Aliniomba kitu kimoja tu, nimpige mtoto picha. Sisi wawili hatuna hata picha moja ya utoto. Tulikimbia vita na mama tukiwa na godoro moja na dumu la maji, nani angekumbuka picha. Sijui nilikuwa na sura gani nikiwa na miaka sita. Keji naye hajui yake. Hakutaka Kiden akue hivyo.

Jioni amejibu. Anakuja. Wiki ijayo.

Jumanne, 3 Februari

Sikufundisha vizuri. Darasa la pili nimewaandikia hesabu ileile mara mbili ubaoni, wakacheka.

Naogopa.

Jumatano, 4 Februari

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma.

Simu yangu ina picha nyingi ambazo Keji hajawahi kuziona. Kiden amejipaka unga uso mzima, anacheka mpaka macho yamefumba. Kiden na pengo lake la kwanza. Kiden amelala mgongoni kwangu, mdomo wazi. Hiyo jirani ndiye aliyenipigia. Na video fupi. Anakimbia kutoka langoni, mikono juu, ananiita "Mama!" Ilikuwa mara ya kwanza.

Mwanzoni nilisahau tu kuzituma. Halafu nikaacha kwa makusudi. Keji nikampa zile za Jumapili, mtoto amesimama wima. Hizi nyingine nikazifanya zangu.

Ni wivu. Sina jina lingine la kuuita.

Ijumaa, 6 Februari

Baada ya shule nimekwenda mtaa wa Sherikat. Okello, Mganda mwenye duka la kuchapisha picha karibu na daraja. Nilimpa zile za Jumapili azichape, niziweke kwenye albamu. Akapitisha kidole kwenye simu, akafika kwenye ile ya unga.

"Madam, hii ndiyo iko mzuri. Hizi ingine, mtoto iko kama anangoja sindano."

Nikamwambia achape nilizochagua.

"Sawa. Mimi nilisema tu."

Nimerudi kwa raksha ya matairi matatu, albamu magotini. Kiden ameniuliza mgeni anakuja kufanya nini. Nikasema anakuja kukuona wewe. Akauliza ataondoka lini. Nikafurahi. Halafu nikaona aibu kwamba nimefurahi.

Jumatatu, 9 Februari

Keji amefika. Miguu imevimba kwa safari ya basi. Amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nimeshindwa. Ana mikono ya mama kabisa.

Kiden alijificha nyuma ya sketi yangu. Keji akachuchumaa palepale kwenye steji ya mabasi, watu wanapita na mizigo, akamwita kwa jina. Kiden akanikamata zaidi. "Mama, twende nyumbani."

Keji alisikia. Akainuka, akachukua begi lake, akajifanya hakusikia.

Jumanne, 10 Februari

Nimempa albamu baada ya chai. Ameifungua polepole. Nilikuwa nangoja ashukuru. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akauliza bila kuinua uso:

"Jokudu, huyu mtoto alikuwa hacheki?"

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Miaka minne. Hakuna hata moja anacheka. Kila Jumapili nilikuwa naangalia simu, najiuliza mtoto wangu ana huzuni gani. Nilikuwa nalia kazini. Wakiniuliza, nasema ni kitunguu."

Akasema hakuja likizo. Amepata chumba, amepata shule. Amekuja kumchukua, kwa sababu ya hizo picha.

Nilitoka nje, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatano, 11 Februari

Mimi ndiye niliyemleta Keji. Kila Jumapili nilikuwa namwita, nami sijui.

Nikinyamaza, ataondoka na mtoto akiamini kwamba alimwacha kwenye huzuni miaka minne. Atakufa akiamini hivyo. Nikisema, ataondoka naye vilevile, na atanichukia. Kiden anaondoka, liwalo na liwe. Kilichobaki ni kile Keji atakachoondoka akikijua.

Sikuweza leo.

Alhamisi, 12 Februari

Nimempa simu. Nimesema yote, hata wivu. Nilisema kama mtoto aliyeiba sukari.

Alitazama moja moja. Video ya "Mama" ameitazama mara tatu. Halafu:

"Ulinificha mtoto wangu."

Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Malesh, Keji. Nisamehe."

"Usiniambie malesh."

Akaketi mlangoni na simu. Mchana hakula. Kama saa kumi akaniita. Akainua ile ya unga.

"Hii ilikuwa siku gani?"

Nikamwambia. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, tukafungiwa ndani, Kiden akaingia kwenye gunia la unga nikiwa nasahihisha madaftari. Keji akauliza ya pili. Ya tatu. Ile ya hospitali, Kiden akiwa na malaria, Keji akaishikilia muda mrefu bila kuuliza kitu. Tumeenda hivyo mpaka jua likazama. Kwenye moja akacheka mwenyewe. Kiden akaja mbio kuona kinachochekesha. Akaketi katikati yetu, akatazama, kisha akaegemea upande wa Keji.

Niliona. Sikusogea.

Hajanisamehe. Nimeandika hivyo nisije nikajidanganya baadaye.

Jumamosi, 21 Februari

Wameondoka na basi la asubuhi. Picha zote zimeingia kwenye simu ya Keji, nimehakikisha mwenyewe. Kiden alilia mpaka basi likakata kona. Mimi nilisubiri nifike nyumbani.

Kabla basi halijaanza, Keji alitoa mkono dirishani, akanishika kifundo cha mkono. "Utakuja Pasaka," akasema. Haikuwa kuniomba. Wala haikuwa msamaha. Lakini alisema.

Jumanne, 24 Februari

Shule. Kufua. Sikuongea na mtu.

Alhamisi, 26 Februari

Nimepita soko la Gurei nikitoka shuleni. Mama anayeuza nyanya ameniuliza, "Leo uko peke yako? Mtoto yako iko wapi?"

"Ameenda na mama yake," nikasema.

Akanitazama kidogo. Akanipimia nyanya, akanifungia kwenye mfuko.

Nimepika kwa sufuria ndogo. Chakula kimenitosha.