Ulinzi Nilioufanya wa Hiari

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana siri hii imenielemea, mimi ni mtengenezaji wa programu, kazi yangu ni kile kiini cha mfumo kinachoendesha mashine za dripu wodini, na ndani ya mashine hizo kuna ulinzi unaozuia programu moja kuandika juu ya kumbukumbu ya nyingine, sasa mashine za zamani zilikuwa zinakwenda polepole ulinzi ukiwaka, hospitali zikalalamika, nikaufanya wa hiari, anayeutaka auwashe, nikauacha umezimwa tangu kiwandani, na dada ninayekaa naye meza moja akaniambia, "Ndugu yangu, hakuna atakayeuwasha," nikamjibu maelekezo yapo, wasome. Miezi minne baadaye programu ya kuchora grafu ikaandika juu ya kipimo cha dawa, seremala mmoja akapata dozi mara nane ya ile aliyoandikiwa, akafariki mchana kweupe mkewe ameketi pembeni yake. Nilipotumwa kuichukua mashine, mama yule alinishika mkono akasema, "Mwanangu, ilikuwa inalia, nikabonyeza kitufe inyamaze. Ni mimi niliyemuua." Rekodi za mashine nimezisoma, kitufe kile hunyamazisha sauti tu, lakini nilimwambia pole tu, nikabeba mashine nikaondoka, wiki ya tatu hii, bosi anasema tufunge midomo mpaka mwanasheria aseme, na mimi nina watoto wawili, nifanyeje?

Mwenye Kunyamaza

Mshauri anajibu: Ndugu yangu, pole, tena pole ya kweli. Ila barua nzima hujaniambia ni wodi ngapi bado zina mashine zenye ulinzi uliozimwa. Hapo ndipo uliponitisha. Leo hii tayarisha toleo ambalo ulinzi umewashwa bila kumuuliza mtu. Mashine itakayoshindwa kuubeba iondolewe kitandani kwa mgonjwa. Ziarifu hospitali zote, mwandikie bosi, na nakala ipeleke kwa wanaosimamia vifaa vya tiba. Huenda ukafukuzwa kazi. Sitakudanganya.

Kisha nenda kwa yule mama, mchukue na dada wa mezani kwako. Mambo ya kiini na kumbukumbu waachie wataalamu. Mwambie mama kosa lilikuwa lako na kitufe hakikuhusika. Usimwombe msamaha papo hapo, utamwongezea kazi ya kukusamehe. Akisema utoke, toka.

Mwanasheria anaweza kusubiri. Mama yule anaamka kila siku akijiita muuaji wa mumewe, na wewe unajua si kweli.