Mama Yako Hajazitazama Kanda Zako

Kisauni,
Mombasa.
Ijumaa, 22 Novemba 1991

Mpwa wangu mpendwa Jaffar,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako iliyokuja ndani ya barua nimeipokea, marahaba, mwanangu. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto hulalamika mvua ikikaribia, lakini halijanizuia kwenda msikitini. Na nyinyi je? Joto la Maskati limepungua? Kile kikohozi kimemwacha mkeo Tumu? Tuandikie kweli, usitufiche.

Umeniuliza mambo mawili: kama mama yako ametoka edani salama, na kama amezipenda zile kanda za vidio. La kwanza nitakueleza kwa urefu. La pili nalijibu sasa hivi, nawe usihuzunike. Hajatazama hata moja.

Unajua baba yako Abdillahi, Mungu amrehemu, alivyoipenda ile hadithi ya kituo cha angani iliyoonyeshwa kwenye tivii kila Jumatano baada ya Isha. Watu wamepelekwa kulinda kituo mbali na dunia, na chombo cha kuja kuwapokea zamu hakitokei. Yeye akitazama, mama yako alikuwa jikoni na sufuria zake. Alipofariki, jamaa walijaa, wakasoma, wakala, wakaenda zao, kama ilivyo ada. Nyumba ikanyamaza. Dada yangu, ambaye eda ilimzuia kutoka nyumbani miezi minne na siku kumi, akawa hali ila ukimlazimisha, na uso kaugeuzia ukuta.

Jumatano moja akaniambia, "Kaka, washa hicho kidude. Nataka kujua watu wa Abdillahi wamefikia wapi."

Nikawasha. Mwanarehema, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekuja na sahani ya viazi vya nazi, akakaa. Wiki ya pili akaja na wenzake. Kabla ya mwezi kwisha chumba kilijaa wake za watu, nami nikahamia ukumbini, nyuma ya pazia. Kwa kuwa Kiingereza walinitegemea mimi, nikawa nafasiri maneno ya picha nisizoziona. Wallahi, Jaffar, nimeifuata hadithi nzima kwa masikio, na chombo chenyewe sijui kina umbo la sufuria au la birika.

"Kaka Badi, yuwasemaje huyo?" Mwanarehema huuliza.

"Asema hewa imebaki kidogo."

"Basi mbona yuwacheka?"

"Mimi nitajuaje kuwa yuwacheka?"

Siku moja nikawafasiria kwamba mkubwa wa kituo amewakataza watu wake kutoka nje mpaka amri ije. Ndipo nikasikia sauti ya mama yako: "Masikini. Hawa nao wamo edani." Wanawake wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi. Mimi huko ukumbini nilivua miwani nikaipangusa.

Wiki nzima ikawa ni mashauri. Mwanarehema akiapa kuwa daktari wa kituo ni jini, mama yako akimtetea kama mtu wa ukoo. Alianza kula. Alianza kugombana nami juu ya chumvi.

Ndipo kikafika kifurushi chako: deki ya vidio, na hadithi yote tangu mwanzo hadi mwisho wake. Ulifanya kwa mapenzi, najua, ili mama asingoje. Lakini mama yako aliziangalia zile kanda, akazifunga tena karatasini, akasema, "Pelekeni kwa Mwanarehema. Mimi sina haraka ya kwenda popote."

Wakapeleka. Jumamosi na Jumapili hapakupikwa chakula cha maana mtaani. Binti yangu Kulthum ndiye aliyewafasiria, na kufikia Jumapili alasiri walikuwa wamemaliza yote, macho mekundu, wali wa Mwanarehema umeungua mara mbili.

Nikukirie, mpwa wangu, nilikukasirikia kidogo. Nilijisemea: sasa Jumatano atakuja nani?

Nilimkumbuka babu yako Mwinyihaji. Kwetu Kiunga, kule kaskazini, magazeti yalitufikia kwa mafungu, ya mwezi mzima yamefungwa kwa kamba. Babu yako alisoma moja kwa siku, kwa mpango wake, na la kesho likiwa papo hapo mkekani. Wenziwe wakimsihi, "Mwinyihaji, tazama la mwisho utwambie vita vimekwendaje." Hakutaka. Alisema habari ikifika yote kwa pamoja, watu hawana la kuketi kuzungumza.

Jumatano ikaingia. Isha ikapita, na tulikuwa wawili tu. Mara nikasikia kandambili mlangoni. Walikuja wote, na wengine wapya nyuma yao. Hawakuja kutazama tivii. Kulthum, aliyekuja nao, aliniambia kuwa walijipanga kumwelekea mama yako, wamwone uso atakapofikia wanayoyajua wao.

"Mwanitazama mimi au mwatazama hiyo?" akawauliza.

"Twakutazama wewe, shoga. Hiyo tushaimaliza."

Na mama yako akawatesa! Mambo yakifika pabaya, yeye huinuka, ati aangalie chungu jikoni. Mwanarehema, ambaye siri haijapata kulala kinywani mwake, alikuwa akiuma ncha ya leso isimtoke neno. Hakutoa hata moja, wiki zote zile.

Eda ilikwisha mapema mwezi huu. Walimwogesha, wakamfukiza udi, akavaa leso uliyomletea. Lakini hakutoka. Leo jua kali, kesho mguu unauma. Jumatano iliyofuata alicheka na wenzake, kisha akawasindikiza mpaka kizingitini na hapo akasimama. Hapo niliogopa kuliko mwanzo, kwa kuwa sheria haikumzuia tena. Mimi mwenyewe, Jaffar, niliondoka Kiunga kwa ajili ya vita vya shifta nikidhani ni msimu mmoja. Njia ilipofunguka sikurudi. Nilikuwa nishazoea kungoja.

Juzi Jumatano ilikuwa sehemu ya mwisho. Chombo kimeonekana kwa mbali, na hawajui ni chao au cha adui. Papo hapo stima ikapotea.

Ukelele waliopiga ulisikika mpaka Kongowea. Kisha Mwanarehema akasema taratibu, "Mama Jaffar, nikwambie?"

"Thubutu!"

"Basi tungoje, itarudi."

Mama yako akamuuliza, "Upande wenu kwawaka?"

"Kwetu kwawaka."

Nikasikia bangili. Pazia likavutwa, likakatika, likaniangukia. "Kaka, nipishe," akasema, akapita na leso tu kichwani, na wote wakamfuata. Nilimsikia katikati ya barabara akiwahimiza: "Harakisheni, nyinyi mushaona, mimi bado!"

Hadithi iliishaje? Sijui. Nilibaki gizani na pazia magotini. Nimewauliza wote, nao wananijibu kuwa kanda za Jaffar zipo. Mama yako ndiye mkali kabisa. Amesema nitapewa moja kwa wiki.

Nilimwachia nafasi hapa chini aandike mistari yake kwa mkono wake. Nimemngoja tangu asubuhi, kalamu iko mezani. Hayupo. Jana alikwenda sokoni akarudi adhuhuri, leo amekwenda Likoni na Mwanarehema kumtazama mzazi aliyejifungua. Basi nafasi yake naijaza kwa salamu.

Msalimie sana Tumu. Kulthum anakusalimu, na Mwanarehema anasema ukipata hadithi nyingine utume, ila sehemu moja moja. Mola akulinde ugenini, akukunjulie riziki, na akurudishe kwetu mama yako akiwa na nguvu za kuja kukupokea mwenyewe.

Ndimi mjomba wako akupendaye daima,

Badi