Longeroni ya kushoto

Willy, acha kazi kidogo usome hii. Sina tena uso ya kutembea nayo hapa Mboko.

Unajua Land Rover ya marehemu baba. Longeroni za nyuma, zile chuma mbili za shasi zenye kubeba nyuma yote, kutu ilizikula mpaka kidole inapita. Fundi Élisée akazikata, akasoudé zingine, akaziunga na moto. Nikamuuliza ametoa wapi chuma nguvu hivi. Eti, "We unataka gari ao historia?" Na mi mujinga nikalipa.

Leo akapiga ile ya kushoto na nyundo, nione soudure imeshika.

Ikalia. Willy, ikalia ngooo mpaka sokoni.

Mama Georgette alikuwa anapita. Akatua kitunga yake ya muhogo. "Ile sauti naijua. Ni yenyewe, njo kengele yetu."

Kengele ya kanisa, Willy. Ile chuma yenye ilikuwa imetundikwa inje ya mulango, yenye iliibiwa mwezi uliopita. Pasteur alilaani mwizi mara tatu pale sokoni, na mi nikaitika amina kuliko bote.

Élisée anaapa aliuziwa na mutu wa kule mjini Baraka.

Pasteur akakuja, akainama, akapiga mwenyewe. Ikalia tena. Nikasema tutaikata, turudishe. Élisée anasema tukiikata, gari itakaa chini na matako.

Pasteur akawaza. "Basi musiikate. Kila Jumapili, siku ya Mungu, saa kumi na moja ya asubuhi, utaleta gari kwenye mulango ya kanisa, tutaipigia pale."

Mi, Willy. Mi mwenye nalalaka mpaka saa tatu, mwenye mama anaombea miaka kumi nirudie kanisa.

Sasa mi njo kengele.