Mwavuli wa Wenye Hisa

Nyakoe, Jumapili

Baba Calvince,

Sisi tu wazima na duka linaenda. Nimesikia redioni hisa zetu za umeme zimepanda tena. Zilipoanguka uliniambia nivumilie, tusiuze, ni za karo ya watoto. Nimevumilia.

Lakini jirani yetu Tryphosa, mwenye hisa kama zetu, amerudi kutoka mkutano wa mwaka huko Nairobi na ule mwavuli wanaogawiwa wenye hisa. Anasema hakukuona mkutanoni. Wewe unaishi huko huko, na kila mwaka ulituletea.

Sikuulizi kama umeuza. Ukija Krismasi, njoo na mwavuli wa mwaka huu. Wamebadilisha rangi, na sikuandikii ni ipi.

Mkeo, bado navumilia,
Anyiko