Wapangaji Niliowazibia Mlango

Sebuleni, karibu na tangi lako la samaki
Jumapili, baada ya chai

Mpendwa mwanangu, Bi Maswali,

Pokea salamu za baba yako mdogo. Hujambo huko uliko? Kifua kimepoa, au bado unamwambia daktari umepona huku unakohoa? Sisi ni wazima. Mgongo wangu unalalamika kidogo, lakini mgongo wa fundi bomba ukinyamaza ujue mwenyewe hana kazi.

Bibi yako amepata miwani mpya. Sasa anaona vumbi mpaka la nyumba ya jirani, hatuna raha humu ndani.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi hukimbilia mzaha. Juzi ulipouliza wapangaji wako wanaendeleaje, nilijibu hawajambo, hata kodi wanalipa mapema. Ukacheka sana. Mwanangu, nilikudanganya. Wale kaa wako wadogo wanaoishi kwenye matundu ya lile tumbawe la njano wamekufa, amebaki mmoja. Aliyewaua ni mimi.

Ilikuwa hivi. Muuzaji wa samaki wa mapambo aliniambia kuna konokono wanaojenga vibomba kwenye mawe ya tangi na kuyasumbua matumbawe, na kwamba dawa yao ni kuwaziba kwa gundi. Nikarudi nyumbani, nikamulika tochi nyuma ya tumbawe, nikaona matundu yako wazi, ndani hamna kitu. Basi. Fundi bomba akiona tundu haulizi, anaziba. Yule kaa wa mbele uliyenionyesha, anayechuja maji kwa vipapasio vyake vyenye manyoya, nilimwacha. Ya nyuma niliyaziba yote. Tena nikamwita mama yako mdogo aje aone kazi safi.

Na wewe ulishaniambia. Siku unafunga mizigo ulianza kunieleza kwamba hawa si kama jamaa zao wanaotembea na makombe mgongoni, hawa hawahami, na wengine wako nyuma, ukiwamulika wanarudi ndani. Nikakukatiza. "Najua, mwanangu, najua." Sikujua chochote, nilitaka tu uione akili yangu.

Muuzaji alipokuja kupima maji, aliuliza wenzake yule kaa wa mbele wako wapi. Nikamwonyesha gundi yangu. Hakunisema. Aliweka chupa zake chini, akaomba pini. Tulibandua pamoja, tundu moja baada ya jingine, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulikuwa tumechelewa.

Mama yako mdogo alitaka nikwambie siku ileile. Mimi nikasema nitatafuta wengine wanaofanana nao, hutajua. Akaniuliza, "Na akikushukuru kwa kumtunzia?" Ukweli ni kwamba hata baada ya swali hilo bado nilikudanganya kwenye simu.

Usinionee huruma ukasema ni kaa tu. Nilikuwa nakuona asubuhi umepiga magoti mbele ya kioo, mkoba wa kazi begani, unawahesabu kabla ya kutoka. Uliniachia kitu unachokipenda nami nikakigeuza uwanja wa kujionyesha. Naona haya, mwanangu. Naona haya kwako kuliko kwa mtu yeyote.

Sasa nahitaji neno lako. Muuzaji yuko tayari kumchukua aliyebaki, pamoja na tumbawe lenyewe, amtunze dukani kwake mpaka urudi. Mama yako mdogo anataka abaki hapa. Yeye ndiye anayemlisha, anamdondoshea unga wa chakula karibu na tundu, polepole, bila kelele. Lolote utakalosema litafanyika. Mimi maji yale siyagusi tena.

Mama yako mdogo anakusalimu sana, na anasema usikae na njaa kwa ajili ya kazi. Bibi anakuombea kila siku. Kaka yako mkubwa anauliza kama barua yake ilifika. Mungu akulinde, akupe afya, na akuzungushie watu wanaosikiliza kabla ya kusema.

Jambo la mwisho nililotaka kukuficha. Mama yako mdogo akikaa mbele ya kioo, yule aliyebaki anatoa vipapasio na kula bila wasiwasi. Nikiingia mimi tu, anarudi ndani. Mama yako mdogo ananifariji, eti ni kivuli changu, nimejaa mlango mzima. Huenda. Siku hizi wakati wa kumlisha natoka nje, nakaa ngazini mpaka niitwe.

Akupendaye, ingawa safari hii kwa kichwa kilichoinama,

Baba yako mdogo