Fyuzi ya gari la Mzee Salumu

Jumanne, baada ya isha

Fyuzi tu, lakini usingizi hauji. Gari la zamani la Mzee Salumu, lile lenye vitanda na jiko ndani, kila nikiwasha friji fyuzi inaungua. Kariakoo nimezunguka duka kwa duka, fyuzi ya aina ile hamna. Nikaizungushia ile iliyoungua karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Friji ikawaka. Mzee akasema, "Fundi, wewe kiboko." Mimi kibarua, nikanogewa kuitwa fundi. Karatasi sikumtajia.

Fyuzi ikiungua mara tatu, kuna waya umechubuka. Najua. Kwa karatasi ile, sasa hakuna cha kukata umeme, waya utawaka humo kwenye mbao za ndani ya gari. Na usiku huu wanalala humo, yeye na mkewe, alfajiri waende Mbeya.

Nimempigia. "Shikamoo mzee. Zima friji, nimekosea."

Akacheka. "Marahaba. Nyama ya safari imo humo, unataka ioze?"

Nikamwambia kuhusu ile karatasi. Akasema, "Ulikuwa unangoja nini kuniambia?" Akakata simu.

Sijui kama amezima. Mimi mke wangu nilishamzika, wake amelala mle.

Navaa viatu. Naenda Ilala, gari liliko, kuitoa ile fyuzi mwenyewe.