Dakika ya Kimya Haikuwa ya Mama Nekesa

Obuya, Jumanne ya leo sitaisahau.

Kile kituo cha chuo kikuu hapo tao, katikati ya mji, cha kupangia dunia miaka mia ijayo, si waliniita nieleze vile mtaro wa Kangemi ulifurika ukambeba bibi yangu, Mama Nekesa, akafa?

Nikaeleza. Mkubwa wao akasema, "Tusimame, tunyamaze kidogo."

Nikalia, ndugu yangu. Nikawashukuru kwa kumkumbuka Mama Nekesa.

"Pole mzee," akaniambia. "Hii ni desturi yetu. Tunawaheshimu ambao hawajazaliwa."

HAWAJAZALIWA, Obuya!

Nikamuuliza, na mtaro je? "Huo ni wa kaunti. Sisi tunaangalia mbali." Wakaenda kula samosa.

Mvua ndiyo hii, na binti yetu Nekesa bado analala kando ya ukuta wa huo mtaro. Kwani mtoto akishazaliwa anakuwa wa nani?